Je, Wajua? Twiga wa Soy, Radi ya Tororo na Sauti za Mashujaa wa Katuni

Je, wajua kwamba katuni huzaliwa bubu? Chora shujaa akibomoa ukuta kwa ngumi, karatasi haitatoa hata kishindo cha sindano. Kila hatua, kila pigo, kila upepo unaolipeperusha joho lake ni sauti ambayo mtu aliketi akaitengeneza. Sogea hapa kwenye benchi, nina mengi ya kukumwagia leo.

Anza na hili. Picha za katuni hupita 24 kwa sekunde moja, na sauti ya studio hupimwa mara 48,000 katika sekunde hiyo hiyo. Gawanya uone! Nyuma ya kila picha moja ya shujaa wako kuna vipimo 2,000 vya sauti.

Je, wajua kwamba mara nyingi sauti hutangulia na mchoro hufuata? Waigizaji huingia studio, husoma, hupiga mayowe, hulia, kisha mchoraji ndiye anayechora midomo ili iende sawa na maneno. Yule shujaa unayemwona akifoka, aliyefoka kwanza ni mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni, pengine na kikombe cha maji mkononi.

Sasa wewe mkulima wa hapa Soy, Uasin Gishu, sikiliza hii vizuri. Shujaa akitembea juu ya theluji, mlio ule wa kru-kru unaousikia mara nyingi ni wanga wa mahindi, umetiwa kwenye mfuko wa ngozi na kuminywa-minywa mbele ya maikrofoni. Mahindi, ndugu yangu! Yale yale yanayojaza maghala kuanzia hapa mpaka Moi's Bridge. Mfupa ukivunjika, ni shina la selari limekunjwa. Ndege akipiga mabawa, ni glavu mbili za ngozi zinapunga hewani. Kazi hii inaitwa foley, na jina limetoka kwa Jack Foley, fundi wa kampuni ya Universal aliyeanza kupigia filamu sauti za namna hii mwaka 1929.

Na lile jitu Godzilla la Wajapani, unajua lilivyopata mlio wake mwaka 1954? Mtunzi wa muziki Akira Ifukube alitumia nyuzi za zeze kubwa kabisa la besi, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Mji mzima wa Tokyo ulikimbia glavu.

Superman je? Kriptonaiti, lile jiwe linalomlegeza, halikuanzia kwenye kitabu cha picha. Lilianzia redioni, mwaka 1943, na vitabu vikaja kulichukua miaka sita baadaye. Mtu aliyemwigiza redioni, Bud Collyer, alikuwa anaongea kwa sauti nyembamba akiwa Clark Kent, halafu katikati ya sentensi anaishusha chini kabisa na papo hapo amekuwa Superman. Hakuna nguo iliyobadilishwa, hakuna taa iliyozimwa. Koo tu! Mwaka 1941 Superman alipoingia kwenye katuni za sinema, walimwita Collyer huyo huyo.

Ujanja huo ulirudi baada ya nusu karne. Katika katuni ya televisheni ya Batman iliyoanza Septemba 1992, Kevin Conroy alimpa Bruce Wayne sauti moja na Batman sauti nyingine, ukifumba macho unaapa ni watu wawili. Na Joker? Ni Mark Hamill, yule yule Luke Skywalker wa Star Wars. Kisha nikuambie jambo ambalo mimi hulistaajabia kila nikilifikiria: vipindi vile vilitungiwa muziki wake, kipindi kwa kipindi, ukapigwa na okestra ya watu halisi chini ya uongozi wa mtunzi Shirley Walker. Okestra nzima, kwa katuni ya watoto ya dakika ishirini na kitu! Rudia kutazama ukiwa umeipa picha kisogo, uone kama hutaifuata hadithi yote kwa masikio.

Je, wajua kwamba mmoja wa mashujaa wakubwa wa X-Men ana damu ya Kenya? Storm, jina lake la kuzaliwa Ororo Munroe, alibuniwa mwaka 1975 na Len Wein na Dave Cockrum, na mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Yeye ndiye anayeamuru radi, mvua na upepo. Alison Sealy-Smith alimpa sauti kwenye katuni ya televisheni ya miaka ya 1990, na mwaka 2024, X-Men '97 ilipotoka, akaitwa tena kwenye maikrofoni ile. Zaidi ya miaka ishirini imepita na radi bado ni yake.

Na kama Storm angetaka ofisi, ingekuwa jirani yetu kabisa. Vuka mpaka pale Malaba, uingie Tororo, Uganda. Vitabu vya rekodi vinautaja mji huo kwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, kwa vipimo vya miaka kumi, 1967 hadi 1976. Siku mia mbili hamsini na moja! Hesabu mwenyewe zimebaki ngapi za kimya.

Lakini radi ya kwenye katuni haikurekodiwa Tororo, ingawa ingefaa sana. Kuna mngurumo mmoja maarufu wa Hollywood ambao mafundi huuita Castle Thunder, ulirekodiwa kwa ajili ya filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931. Umetumika tena na tena, filamu kwa filamu, katuni kwa katuni. Inawezekana kabisa radi iliyokutisha utotoni ukiwa mbele ya televisheni ilimtisha mtu mwingine kabla babu yako hajaoa. Kwenye jukwaa la maigizo radi ilikuwa rahisi zaidi: bati moja refu, linaning'inizwa, linatikiswa.

Ukiona umeme leo jioni, usikimbie kwanza. Hesabu sekunde hadi usikie mngurumo, gawanya kwa tatu, na jibu ni umbali kwa kilomita. Sekunde tisa, kilomita tatu. Sasa unaweza kukimbia.

Tukiwa kwenye kukimbia, na hapa ni nyumbani kwa wakimbiaji, shika hii. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Ukiipa sauti namba kifuani na kuiweka kwenye mstari wa kuanzia marathoni, itamaliza kilomita 42.195 kwa dakika 2 na sekunde 3! Eliud Kipchoge, mwana wa Nandi, alitumia saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, na dunia ikasimama. Kwa hiyo shujaa Flash akikimbia kwa kasi kuliko sauti anakuwa amekufikia kabla hujasikia hatua zake. Kishindo kinakuja nyuma yake kama mkia. Fundi wa sauti anayejua kazi yake humpitisha Flash kwanza, ndipo aachilie mlio.

Sasa tulia, maana hii ni ya Soy yenyewe. Katika miaka ya 1970, twiga wapatao 130 wa aina ya Rothschild walikuwa wamebaki kwenye ranchi moja ya Soy, ekari 18,000, na ranchi ilikuwa inakatwa vipande ili watu wapate kukaa. Betty na Jock Leslie-Melville wakamchukua twiga mdogo wa kike, wakamwita Daisy, wakampeleka Lang'ata kumlea. Kituo cha twiga ambacho leo watoto wa shule humiminika kukitembelea Nairobi kilianzia hapo. Daisy wa Soy! Hadithi yake ilifanywa filamu mwaka 1979.

Unauliza twiga wanahusiana vipi na sauti? Ngoja. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba twiga ni karibu bubu. Mwaka 2015 watafiti waliochapisha kazi yao kutoka Vienna walikuwa wamerekodi saa 947 katika bustani za wanyama za Berlin, Copenhagen na Vienna, na wakanasa jambo: usiku, taa zikizimwa, twiga huvumisha sauti ya chini, nzito, ya mitetemo kama 92 kwa sekunde. Saa 947! Yule mnyama mrefu kuliko wote, aliyetazamwa na mamilioni ya watu, alikuwa na sauti yake ya usiku na hakuna aliyesikiliza. Mimi ningekuwa ninatengeneza katuni ya shujaa wa Uasin Gishu, hiyo ndiyo sauti ningempa.

Na hapa kuna cha kuongezea. Simu ya kawaida hupitisha sauti kuanzia mitetemo 300 hadi 3,400 hivi kwa sekunde. Twiga yuko 92. Akikupigia usiku, utapokea simu na hutasikia kitu!

Hiyo simu nayo, je, wajua kwamba ndiyo inayokufanya urudie-rudie jina lako? Herufi S na F zinatofautiana zaidi kule juu, kwenye mitetemo mikali ambayo simu imekwisha kuikata. Ndiyo maana karani anakuuliza, na wewe unajibu kwa nguvu: S ya Soy!

Ndovu ndio mabingwa wa sauti za chini. Mwaka 1984 Katy Payne alisimama karibu na ndovu kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa inatetemeka bila kusikia chochote. Ndovu walikuwa wanaongea chini ya uwezo wa sikio lake. Kazi hiyo ikahamia Amboseli, akiwa na Joyce Poole, na ikathibitika kwamba ndovu wa kwetu pia huitana hivyo, wakiwa umbali wa kilomita kadhaa.

Ndovu pia huiga. Mlaika, ndovu wa kike wa miaka kumi kule Tsavo, alikuwa analala zizini kilomita tatu kutoka barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, na akajifunza mlio wa malori! Wanasayansi wakauchapisha mwaka 2005. Mwaka 2014 wengine wakaonyesha kwamba ndovu wa Amboseli hutofautisha sauti za wanaume wa Kimaasai na za Wakamba, na wakisikia za Wamaasai ndipo hujikusanya na kurudi nyuma haraka zaidi. Sauti za wanawake na watoto haziwashtui hivyo. Masikio gani hayo!

Ndege za adui kwenye Star Wars, zile zinazopita kwa ukelele, ni mlio wa ndovu. Ben Burtt aliuvuta, akauchanganya na mlio wa gari linalopita kwenye lami iliyolowa. Tangu siku niliposoma hivyo siwezi kuzisikia ndege zile nisione mkonga.

Umewahi kufika pango la Kitum, Mlima Elgon, kule ng'ambo ya Kitale? Ndovu huingia humo gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao. Juu yao wananing'inia popo wa matunda, ambao hujiongoza gizani kwa kupiga ndimi na kusikiliza mwangwi. Batman ana pango la kuchorwa. Sisi tunalo la kweli, na lina ndovu ndani!

Mipigo ya popo hao hupanda juu kupita mitetemo 20,000 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu limefika ukingoni. CD nayo hufikia 22,050 ikakomea hapo. Kwa hiyo hata diski safi kabisa ya Kitum ingekuletea kishindo cha miguu ya ndovu, huku sehemu kubwa ya mazungumzo ya popo ikibaki pangoni.

Tumefika kwenye sauti isiyopoteza kitu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde kwa kila sikio, na kila kipimo huchagua ngazi moja kati ya 65,536. Studio hutumia biti 24, na ngazi zinakuwa 16,777,216! Ndiyo nafasi inayomruhusu fundi kurekodi mnong'ono wa mhalifu na mlipuko wa jengo bila kugusa kidhibiti cha sauti katikati.

MP3 yako ya kawaida, ile ya kilobiti 128, ni kama sehemu moja tu ya kumi na moja ya CD. Sehemu kumi zimekwenda wapi? Nyingine zimebanwa tu, nyingine zimetupwa. Wataalamu wa Fraunhofer kule Ujerumani walijifunza udhaifu wa sikio: sauti kubwa ikilia, ndogo iliyo jirani yake haisikiki, basi inaondolewa. Honi ya matatu pale stegi ya Eldoret ikipigwa, chozi anayeimba juu ya waya amepotea sikioni mwako hata kabla MP3 haijamfuta. Karlheinz Brandenburg na wenzake waliunoa mtambo wao kwa wimbo wa Suzanne Vega, Tom's Diner, sauti tupu ya mwanamke bila ala, kwa kuwa sauti tupu haina pa kuficha dosari.

FLAC, aina nyingine ya faili ya sauti, haitupi hata chembe. Josh Coalson aliitoa mwaka 2001, bure kwa kila mtu, na faili huwa karibu nusu ya ukubwa wake wa kwanza. Ukiifungua, kila namba hurudi mahali pake, yote, sawasawa na ilivyotoka studio. Ndani yake kuna mbinu ya Robert Rice, mhandisi wa maabara ya NASA ya JPL, aliyeibuni miaka ya 1970 akitafuta njia ya kubana taarifa kutoka angani. Wimbo wa FLAC ulio kwenye simu yako umebanwa kwa akili ya vyombo vya anga!

Nadhani hii hujawahi kuambiwa: FLAC hupenda kimya na huchukia mvua. Kimya kamili hakichukui karibu nafasi yoyote. Mvua ya mabati, ile ya Aprili inayomfanya mwalimu aache kufundisha, haibaniki, kwa sababu hakuna tone linalotabirika kutoka kwa lililotangulia. Kwa hiyo pambano la mashujaa katikati ya mvua ni mzigo mzito, na shujaa anayefikiri peke yake ni mwepesi kama unyoya. Matangazo ya televisheni kwa kawaida hupunguza sauti ili ipite. Diski za Blu-ray ndizo zinazoweza kukuletea nyumbani sauti kamili.

Sasa sikia kisa cha Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika kwa Wakipsigis na mashine yake ya kurekodi, akawakuta wasichana wakiimba kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha. Huyo alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933! Santuri zake zilikuwa zimefika huku, watu wakasikia sauti bila kuona mtu, na kwa maelezo ya Tracey wasichana walimwona kuwa nusu mtu, nusu paa. Fikiria hilo: hakuna picha, hakuna filamu, hakuna kitabu. Sauti peke yake, kutoka kwenye sahani inayozunguka, ikawachorea Wakalenjin kiumbe mwenye nguvu za ajabu, na wakamtungia wimbo na dansi. Rekodi hiyo ina sauti ya Chemutoi Ketienya na wenzake, na ukiisikia mara moja haikutoki. Nakala zilirudishwa kwa Wakipsigis baada ya miaka zaidi ya sitini.

Rekodi za Tracey zinatunzwa kwenye maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Na nani aligonga mlango wa maktaba hiyo kutafuta sauti za Wakanda? Ludwig Göransson, mtunzi wa muziki wa Black Panther! Alikwenda kwanza Senegal, akasafiri na Baaba Maal, kisha akafika huko kusikiliza. Mwaka 2019 akabeba tuzo ya Oscar. Wasichana wa Kapkatet na mfalme wa Wakanda, chini ya paa moja.

Na mashujaa wetu wenyewe wapo. Super Sema, msichana wa miaka kumi, alianza kuonekana tarehe 8 Machi 2021, kazi ya kampuni ya Kukua, na Lupita Nyong'o ni mzalishaji mkuu na pia sauti ya Mama Dunia. Adui yake ni mashine katili iitwayo Tobor. Mwaka 2023 ikaja Kizazi Moto, filamu fupi kumi za mashujaa wa Afrika ijayo: Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza Enkai, na Raymond Malinga wa Uganda akatengeneza Herderboy, yenye wachungaji wa ng'ombe walio nusu mashine. Jaribu kuwaza hatua ya mchungaji wa chuma kwenye nyasi. Kuna mtu aliketi akaitafuta.

Kabla ya hao, Tinga Tinga Tales ilichorwa Nairobi kwenye studio ya Homeboyz, vipindi 52 vya dakika kumi na moja, ikaanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010. Nyimbo zake ni za Eric Wainaina. Mtoto wa London aliamka asubuhi akaimba sauti za Nairobi!

Na tumalizie na mnyama wa kwetu: simba halisi hunguruma kwa desibeli kama 114 na husikika hadi kilomita 8. Disney ikatengeneza katuni nzima ya televisheni, The Lion Guard, iliyoanza Novemba 2015, ambamo Kion, mwana wa Simba, ana silaha moja tu: ngurumo. Lakini rudi nyuma kwenye The Lion King ya mwaka 1994, uniulize ni simba gani aliyengurumia filamu ile. Nyingi ya ngurumo zile ni za Frank Welker, mwigizaji wa sauti, akinguruma kwa nguvu zake zote ndani ya pipa la taka la chuma!